Hesabu ya Mikia

Madamu Ngalula hulipa kwa mkia.
Halipi kwa usiku, halipi kwa matope
wala kwa kikohozi nilichotoka nacho chini ya ardhi ya Kipushi.
Mkia. Mzima, umepakwa chumvi,
utundikwe msumarini nyuma ya ghala la mahindi,
karani Chabala aulambe wino na kuandika.

Novemba. Mvua ya kwanza imefungua vichuguu,
kumbikumbi wamepanda hewani kama moshi wenye mabawa
na kanga wameanza kutaga
chini, majanini, pasipo mlango wala komeo.
Ndege huyu ana kichwa cha samawati na akili ya kukopa:
mwenyewe hulala juu mtini,
mayai anamwachia Mungu.
Na Mungu, msimu huu, kaniajiri mimi.

Nimekaa na taa ya mgodi.
Siku ya kutupunguza walichukua kofia, buti,
hata kile kibati chenye namba yangu.
Taa niliipitisha getini ndani ya gunia la makala.
Miaka kumi na tisa ilimulika mwamba.
Sasa imefungwa kwenye betri ya pikipiki,
inapekua nyasi, inatafuta macho.

Macho yana kusoma kwake, nilimwambia mwanangu Kapapula.
La sungura ni moja tu, hukutazama kwa ubavu.
Ya mbuzi mtoro hayana haraka.
Ya nguchiro yako chini chini, cheche zinazokimbia.
Ya mtu hayawaki.
Mtu ukimmulika utaona gunia alilobeba, basi.
Lakini ya bweha hukujibu:
yanawaka, yanazima, yanawaka tena hatua tatu kushoto,
kama jirani anayeuliza kwa adabu
iwapo bado hujalala.

Nachuma jani, nalibana kati ya vidole gumba,
napuliza. Kilio cha sungura aliyevunjika mguu.
Uongo mdogo, na bweha anaujua nusu yake,
ila njaa ni wakili hodari.

Wa kwanza, Jumanne.
Wa pili, Alhamisi, kando ya Kafubu.
Wa tatu nilimgeuza kwa mguu ili nikate
nikaona chuchu zimevimba,
manyoya yaliyozizunguka yamelowa,
na usiku ule mvua haikunyesha.

Nikazima taa.
Mbali huko Lubumbashi iliwaka, bomba lake refu,
kilima chake cheusi cha masazo ya shaba,
watu wanakula bukari, wanafunga milango.
Nami nikasikia, kichuguu cha pili kutoka kwenye msuku,
sauti nyembamba
kama kabati la marehemu mama likifunguliwa.

Karani Chabala ana bei yao pia.
Mikia midogo: miwili kwa mmoja.

Juni watakuja wageni kwa magari meupe,
na mbwa walionyweshwa maziwa,
na vitambaa shingoni.
Watapiga kanga wangu mia mbili kabla ya chai ya saa nne,
wapige picha, waache maganda ya risasi mekundu
ambayo watoto watayafanya vikombe vya munkoyo.
Kanga watahesabiwa kwa miguu, wawili wawili, kwenye kamba.
Sisemi kitu. Nalipwa.

Nilipeleka mikia mitatu. Akaandika tatu.

Kisha kuna kiota kilichosuswa, karibu na uzio,
mayai kumi na moja, viza, mazito kama kokoto.
Amri ni kuyafukia.
Niliyabeba kwenye kofia hadi mdomoni mwa kichuguu
nikayapanga pale kwa haraka, bila kuchungulia,
mithili ya mtu anayelipa deni la mtu mwingine.
Asubuhi, maganda.

Jana usiku Kapapula ndiye aliyeshika taa.
Macho manne, madogo, ardhini kabisa,
hayajajifunza kuzima.
"Baba, nini vile?"
Nguchiro, nikamwambia.

Akaushusha mwanga polepole.
Yuko darasa la sita. Nguchiro anamjua.